Chujio Haliondoi Kingamwili Zilizogandana

Kila muhula ninapofundisha utengenezaji wa dawa za kibiolojia kwa wanafunzi wa famasia hapa Mbeya, na mara nyingi ninapozungumza na wafamasia wenzangu wa Iringa na Njombe, nikiuliza vibonge vya protini, yaani molekuli zilizoshikana, huondolewaje kwenye kingamwili za tiba (kingamwili zinazotumika kama dawa), jibu huwa lilelile: "Si wanachuja?" Muhula huu nimelikuta tena kwenye karatasi ya mtihani, limepigiwa mstari kwa rula ili nisije nikalipita. Naomba tulimalize.

Ndiyo, wanachuja. Chujio la mwisho kabla ya kujaza vichupa lina matundu ya maikromita 0.22, yaani nanomita 220, na kazi yake ni kuzuia bakteria. Kingamwili ya aina ya IgG ina uzito wa kilodaltoni 150 hivi, na ikiwa majini kipenyo chake ni kama nanomita 10. Mbili zikishikana zikawa jozi, bado hazikaribii ukubwa wa tundu hilo. Kutaka kuzitenga kwa chujio hilo ni sawa na kutaka kutenga punje moja ya ulezi na punje mbili zilizogandana kwa kutumia tenga la viazi.

Nadhani imani hii hutoka wodini. Infliximab, mojawapo ya dawa za kingamwili, huingizwa kwa dripu kupitia chujio la maikromita 1.2 au dogo zaidi, na anayeliona likining'inia kwenye mpira ana kila sababu ya kuamini kwamba usafi wote unafanyika pale. Chujio lile hukamata chembe kubwa tu, zile ambazo zimeshapita hatua nyingi za kugandana. Jozi na vibonge vidogo huingia kwenye mshipa bila kizuizi, na vibonge ni kati ya vitu vinavyoweza kuuchochea mwili wa mgonjwa utengeneze kingamwili dhidi ya dawa yenyewe.

Lipo pia chujio la virusi, lenye matundu ya nanomita 20 hivi, na hapo mwanafunzi mjanja hudhani amenibana. Hajanibana. Jozi nyingi hupita hata humo, na vibonge vikubwa zaidi huziba matundu: shinikizo hupanda, mtiririko hufifia, na chujio la gharama kubwa hutupwa kabla bechi haijaisha. Kwa hiyo vibonge vinatakiwa viwe vimeondolewa kabla ya kufika pale, la sivyo chujio ndilo linaloumia.

Jibu la pili ninalolisikia ni Protini A. Safu ya Protini A, yaani bomba lililojazwa punje zenye protini inayonasa kingamwili, hushika sehemu ya Fc (shina la kingamwili), na jozi inazo Fc mbili, kwa hiyo hushikwa vizuri tu pamoja na nyingine. Baya zaidi, kingamwili hung'olewa kwenye safu hiyo kwa asidi, kwa kawaida pH ya 3 hadi 4, kisha huachwa katika asidi kwa muda wa kama saa moja ili kuua virusi vyenye utando wa mafuta. Asidi hulegeza mkunjo wa protini, sehemu zinazochukia maji hujitokeza, na bafa (kimiminika kinachodhibiti pH) inaporudishwa kuelekea pH ya kawaida baadhi ya kingamwili hushikana. Hatua inayosafisha karibu kila kitu kingine ndiyo inayoweza kuongeza vibonge.

Kazi yenyewe hufanyika baadaye, mara nyingi kwenye safu ya kubadilishana ioni chanya, na hapa ndipo ninapotaka watu watulie wasikilize. Katika pH ya 5 hivi, kingamwili nyingi huwa na chaji chanya na hushikamana na rezini, yaani punje zilizojaza safu, yenye chaji hasi. Jozi ina sehemu nyingi zaidi za kushikia, kwa hiyo chumvi inapoongezwa polepole kingamwili moja moja hutangulia kutoka, na vibonge hufuata kwenye mkia wa kilele kinachoonekana kwenye grafu ya kipimo. Tatizo ni kwamba vilele viwili huingiliana. Hakuna mstari wa wazi kati yao. Kuna mtu anayeamua aache kukusanya wapi. Akikata mapema, dawa inakuwa safi lakini anamwaga kingamwili nzuri iliyogharimu wiki kadhaa za kulea seli. Akichelewa, mavuno yanapendeza na vibonge vinaingia chomboni. Uamuzi huo ndio uondoaji wa vibonge. Hauna tundu wala wavu ndani yake, na ndiyo maana hunikera unapoitwa kuchuja.

"Kwa nini basi wasitenganishe kwa ukubwa, kwa kromatografia ya jeli?" Maabara tunafanya hivyo, na tunapenda. Kiwandani safu hiyo hupokea kiasi kidogo tu cha sampuli, asilimia chache za ujazo wake kwa mzunguko mmoja, nayo huenda taratibu. Kwa bechi ya kilo kadhaa, haifai.

Sasa yale ambayo vitabu huyapitia haraka. Maelezo yangu kuhusu sehemu za kushikia ni mazuri ubaoni, lakini zipo kingamwili ambazo hufunguka mkunjo zikiwa juu ya rezini na kuzaa vibonge vipya palepale, na sijui njia ya kulitabiri hilo kwa uhakika bila kujaribu. Kipimo nacho kina walakini. Asilimia ya vibonge inayoandikwa kwenye cheti hutoka kwenye safu ileile ya jeli, ambamo sampuli huzimuliwa, kwa hiyo vibonge vilivyoshikana kwa ulegevu huachana kabla ya kuonekana, na vile vikubwa sana hunaswa mlangoni mwa safu. Vipimo vya zamani vya chembe, kwa upande wao, huanza kuhesabu kuanzia maikromita 10. Katikati pana eneo pana ambalo kwa miaka mingi lilipimwa kwa shida, na hata leo vifaa viwili vikilipima eneo hilo huweza kutoa hesabu zisizofanana. Nikiona asilimia 0.8 imeandikwa, huisoma kama asilimia 0.8 ya vile vilivyokubali kuonekana.

Kwa walio kazini hospitalini, jambo moja linafuata moja kwa moja. Kichupa cha rituximab, nayo ni dawa ya kingamwili, kilichogusana na ukuta wa barafu wa friji kikaganda, hakiokolewi kwa kuyeyushwa na kupitishwa kwenye chujio, hata kikionekana safi kama maji ya chemchemi. Barafu inapoundwa husukuma protini na chumvi kwenye kimiminika kinachobaki, na uso wa barafu wenyewe huharibu mkunjo. Vinavyozaliwa humo vinaweza kuwa vidogo mno kwa chujio lolote lililopo wodini. Kitenge, kiandikie taarifa, usikitumie.