Litre ya nini? Soma swali la konsantrasio mbele ya kushika mashini ya hesabu

Egzetati (egzamen ya serikali ya kumaliza sekondari) ikikaribia, wanafunzi wa hapa Lubumbashi wanatuletea huku labo maswali ya konsantrasio (kiasi cha kitu chenye kiko ndani ya litre moja) yenye "imekataa", na mara mingi hesabu yao iko sawa kabisa, shida iko kwa namna walisoma.

Chukua hii: uko na mililitre 100 za asidi ya mole 1 kwa litre (mole ni kipimo cha kemia cha kuhesabu wingi wa chembe), wanakuambia ongeza litre 1 ya mayi. Jumla inafika litre 1,1, konsantrasio inashuka mpaka karibu 0,091. Wakisema ongeza mayi mpaka litre 1, jibu ni 0,1. Punguza mara 10 haina mjadala, ni kipimo 1 cha asidi na 9 vya mayi. Chenye kinaleta fujo ni "1 kwa 10", juu wengine wanahesabu 10 za mayi peke yake, wengine za vyote pamoja, na mimi naona mwalimu mwenye kuandika vile bila kueleza ndiye mwenye kosa, si mtoto.

Asilimia njo mbaya zaidi. Ile asidi sulfuriki yenye malori inabeba kwenda kwa viwanda vya shaba, ukikuta imeandikwa 98% ujue ni ya uzito, maana yake ndani ya gramu 100 za ile asidi gramu 98 ni H₂SO₄, asidi yenyewe. Wengi wanaweka gramu 980 kwa litre, wanapata mole 10, kumbe litre moja yake inapima kilo 1,84! Kwa hiyo 1840 × 0,98 inatoa gramu 1803, gawa na 98 (gramu za mole moja ya H₂SO₄, si ile ya asilimia), ni mole 18,4. Mwenye anapunguza akiamini ni 10 atatoka na asidi kali karibu mara mbili (na asidi ndiyo inaingia polepole ndani ya mayi, mayi ndani ya asidi hapana). Swali likikupa densite (ile inayosema litre moja inapima kilo ngapi), hawakuiweka bule.

Sulfate ya shaba nayo: ile ya buluu inabeba mayi ndani yake, mole moja ni karibu gramu 250, ya nyeupe karibu 160. Gramu 25 kwa litre inatoa mole 0,1 kwa ya buluu ama karibu 0,16 kwa ya nyeupe. Swali lisiposema ni ya gani, hesabu zote mbili uone gani iko kati ya majibu ya kuchagua, na kwa egzamen ya kuandika anza na "nachukua ile ya buluu, yenye 5 H₂O" halafu endelea, mwenye kusahihisha ataona ulitokea wapi.