Sharti ni kitu kimoja, mazoea ni kingine

Swali la aina hii hupendwa kwenye majaribio ya kufikiri: bodaboda lazima iwe na nini? Injini, helmeti, steji (kituo cha kusubiria abiria), au kazi ya kubeba abiria kwa malipo? Wengi hukimbilia injini, na wapo walimu wanaowapa alama.

Sharti la lazima ni lile ambalo likikosekana, kitu chenyewe hakipo. Basi. Waliopita madrasa wanalijua zamani: udhu ni sharti la swala, kofia si sharti, hata kama Ijumaa pale msikiti wa Old Kampala unaona kofia kila safu. Na kutia udhu peke yake si kuswali.

Kinachonikera ni hii tabia ya kuona vitu viwili pamoja kila siku, kisha kimoja tukakipandisha cheo kuwa sharti la kingine. Bodaboda zilianzia Busia, mpakani na Kenya, miaka ya 1960, na zilikuwa baiskeli. Injini haikuwepo, bodaboda zilikuwepo. Helmeti nayo ina watetezi wake: si sheria inaidai? Inaidai, tena kwa haki, lakini hiyo ni lazima ya namna nyingine. Inamfunga mwendeshaji. Asiyevaa ana kesi na trafiki, ila chombo alichopanda kinabaki bodaboda. Steji sina haja ya kuieleza, wanaookota abiria njiani wamejaa Kampala nzima. Ondoa kubeba abiria kwa malipo, hapo ndipo unabaki na pikipiki ya mtu tu.

Mambo hugeuka pale sheria yenyewe inapokiunda kitu, kama ubunge. Katiba ya Uganda ya 1995 inamtaka mbunge awe raia, mpigakura aliyeandikishwa, na mwenye elimu isiyopungua senior six (kidato cha sita) au inayolingana nayo. Digrii haimo, ingawa mabango ya kampeni huitangaza kwa herufi kubwa. Chama nacho hakimo, ndiyo maana bungeni wapo wabunge huru wengi tu. Lakini vuka mpaka pale Mutukula uingie Tanzania, chama kinakuwa sharti kweli, kwa sababu huko mgombea binafsi haruhusiwi.

Kwa hiyo ndugu anayesema "mbunge lazima awe na chama" hajakosea kila mahali, amekosea upande huu wa mpaka. Akisema "kwa kawaida", sina neno naye.