Hogo limetolewa, mkono bado unawaka: maswali na majibu

Mama yangu ana miaka 58, anaishi Chamwino, Dodoma. Alianguka na bodaboda, akavunjika kifundo cha mkono, akafungwa hogo wiki sita. Limetolewa mwezi sasa, na eksirei inaonyesha mfupa umeunga. Lakini hata upindo wa khanga ukimgusa anaruka. Anadeka?

Hadeki, wala hajarogwa. Mfupa unaweza kuunga vizuri huku mishipa ya fahamu ikibaki na mshtuko, ikiendelea kuutangazia ubongo jeraha ambalo limeshapona. Mguso mdogo unageuka moto. Hali hii madaktari huiandika CRPS, kifupi cha Kiingereza cha "complex regional pain syndrome". Zitaje herufi hizo ukifika kliniki. Daktari Mjerumani, Paul Sudeck, aliieleza mwaka 1900, kwa hiyo si ugonjwa wa jana. Huwapata zaidi wanawake, hasa wa umri wa mama yako.

Nitaitofautishaje na maumivu ya kawaida?

Maumivu ya kawaida hupungua wiki hadi wiki. Haya hayapungui, na hayalingani na jeraha lenyewe. Mwambie aweke mikono yote miwili mezani. Je, uliovunjika umevimba na kung'aa? Una joto au ubaridi kuliko mwenzake, unatoa jasho peke yake? Vidole vinakataa kufunga ngumi? Rangi nayo hubadilika, ila kwenye ngozi yetu nyeusi si rahisi kuiona, ndiyo maana nasema papasa. Hakuna kipimo kimoja cha damu wala picha kinachotoa jibu. Daktari huuliza, hupapasa, kisha huondoa mengine kama maambukizi.

Ndugu wanasema aupumzishe mpaka upone.

Wanampenda, lakini hapo wanakosea. Mkono usiotumika hukakamaa, na ubongo huzidi kuuogopa. Kukandwa kwa maji ya moto hadi apige kelele nako ni kosa la upande wa pili.

Njia iko katikati. Mtaalamu wa fiziotherapia atamwongoza, na mengine yanafanyika jikoni. Aanze kujipapasa kwa pamba, kisha khanga, kisha taulo, dakika chache mara kadhaa kwa siku. Akizoea, atumbukize mkono kwenye bakuli la mtama mkavu na kuuchezesha taratibu. Akunje vidole, apokee kikombe, apange nyanya. Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanavumilika. Yakimnyima usingizi usiku ule, kesho apunguze. Kuna pia zoezi la kioo: anauficha mkono mgonjwa nyuma ya kioo, anauchezesha mzima huku akiutazama kiooni, na ubongo unaona kana kwamba ule mgonjwa unacheza bila kuuma. Watu hulicheka zoezi hili, lakini wapo linaowasaidia.

Upepo wa Dodoma wa Juni na Julai unaweza kumsumbua. Avae soksi ya mkono.

Dawa je?

Zipo, za kutuliza mishipa ya fahamu na uvimbe, ila aandikiwe na daktari. Kazi yake ni kumwezesha kufanya mazoezi. Wengi hupata nafuu ndani ya mwaka wa kwanza; wachache hubaki na maumivu kwa muda mrefu, na kuchelewa kuanza mazoezi hakusaidii.

Jirani yangu amefungwa hogo jana. Afanye nini?

Auinue mkono juu ya usawa wa moyo, na vidole, kiwiko na bega avichezeshe tangu leo. Vidole vikifa ganzi, vikiwa baridi, au maumivu yakizidi kila saa, hogo huenda linabana. Asisubiri siku ya kliniki, arudi hospitali leo leo, hata kama ni usiku.