Uziwi wa Kurithi Hauhitaji Mzazi Kiziwi

Mtoto anapozaliwa kiziwi katika ukoo ambao hakuna anayekumbuka kiziwi mwingine, watu husema upesi kwamba hali hiyo haiwezi kuwa ya kurithi, na hapo ndipo minong'ono ya laana, uchawi au kosa la mama inapoanza. Dhana hiyo si sahihi, tena imewaumiza akina mama wengi bure.

Jeni zetu nyingi huja kwa nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Mwaka 1997 watafiti walitambua kwamba kasoro katika jeni iitwayo GJB2 husababisha uziwi; jeni hiyo ndiyo yenye maelekezo ya kutengeneza koneksini 26, protini inayojenga vijia vidogo sana baina ya seli za sikio la ndani, ambamo chembe za potasiamu hupita. Kwa kawaida mwenye nakala moja tu yenye kasoro husikia vizuri, asijue lolote. Wawili wa namna hiyo wakizaa pamoja, kila mimba, iwe ya kwanza au ya tano, ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuleta mtoto aliyerithi nakala zote mbili zenye kasoro, yaani mtoto kiziwi.

Katika kijiji cha Adamorobe, Ghana, chenye lugha yake ya ishara ya tangu zamani, uziwi umehusishwa na badiliko moja la jeni hiyohiyo, wakiwemo viziwi waliozaliwa na wazazi wanaosikia.

Kinyume chake pia hutokea: wazazi viziwi wenye kasoro katika jeni tofauti huweza kupata watoto wanaosikia.