DX yenye injini kubwa: kwa nini inakataa kona, na pa kuanzia

Corolla KE70, ile DX ya zamani, ilitoka kiwandani na injini ya 4K ya cc 1,290. Ukiichomoa na kuweka 4A-GE ya cc 1,587 au 3S ya cc 1,998, nguvu inaongezeka, na chuma kinaongezeka juu ya magurudumu ya mbele. Dalili zake hujitokeza mapema. Kwenye kona za kushuka Subukia, kule Nakuru, unakata usukani lakini pua inang'ang'ania kwenda moja kwa moja. Ukikanyaga mafuta ukitoka kwenye kona, tairi moja la nyuma linazunguka bure. Wengi hukimbilia kununua springi za kushusha gari. Mimi huanza na mizani.

Mizani ya malori haifai hapa, kwa sababu husoma kwa hatua za kilo 10 au 20, na sisi tunatafuta tofauti ndogo kuliko hizo. Mizani ya bafuni inayofika kilo 150 inatosha ukiongeza ubao mgumu. Laza ubao juu ya vyuma viwili vya duara vilivyoachana milimita 900, kimoja sakafuni kwenye kipande cha mbao, kingine juu ya mizani, ubao ukae sawa. Rudisha mizani kwenye sifuri ubao ukiwa tayari juu yake. Kisha weka gurudumu milimita 300 kutoka kwa chuma cha sakafuni. Mizani itasoma theluthi moja ya mzigo, kwa hivyo ukisoma 90, gurudumu hilo limebeba kilo 270. Magurudumu mengine matatu lazima yainuliwe kwa urefu uleule, la sivyo unapima gari lililoinama. Tangi liwe nusu, na kilo 70 za mchanga ziwe kwenye kiti cha dereva. Kabla ya kila kipimo bonyeza bodi mara mbili tatu ili springi zikae mahali pake.

Tuseme injini mpya imezidi ya zamani kwa kilo 50, na kitovu cha uzito wake kiko milimita 200 nyuma ya mstari wa magurudumu ya mbele. KE70 ina mita 2.4 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Mbele itabeba 50 × 2.2 ÷ 2.4, yaani kilo 46 kati ya zile 50. Springi ya kilo 2 kwa milimita, yaani inayohitaji kilo 2 kuibonyeza milimita moja, itashuka karibu milimita 12 kila upande.

Hapa ndipo watu hupoteza pesa. Fundi atakuambia ukate ukuta kati ya injini na abiria ili injini irudi nyuma. Piga hesabu kwanza: injini na giaboksi zenye jumla ya kilo 200, zikirudi nyuma milimita 50, zinahamisha kilo 4 tu kutoka mbele kwenda nyuma. Kwa kazi yote ile ya kukata na kuchomelea! Betri ya kilo 15 iliyo milimita 200 mbele ya magurudumu ya mbele, ukiipeleka kwenye buti milimita 600 nyuma ya ekseli, inapunguza mbele kilo 20. Iweke upande wa kushoto, kwa sababu dereva wetu anakaa kulia. Tumia waya wa shaba wa milimita mraba 35 au zaidi, fyuzi iwe karibu kabisa na betri, waya upite ndani ya mpira kila unapovuka bati, na sanduku la betri liwe na bomba la kutoa gesi nje. Waya mwembamba hunyima stata umeme, na mtu huishia kununua stata mpya bure.

Nikikuta mbele bado imebeba zaidi ya asilimia 56 ya uzito wa gari, naendelea kuhamisha vitu kabla ya kugusa springi. Tangi la maji ya wipa huhamishika, na bracketi za chuma kizito za injini ya zamani mara nyingi zimeachwa pale bila kazi yoyote.

Sasa springi. Chukua mzigo wa gurudumu moja la mbele, tuseme 270, utoe kama kilo 35 za gurudumu lenyewe, breki na sehemu ya chini ya struti (ile nguzo yenye shoki na springi pamoja). Zinabaki 235 zinazobebwa na springi. Gari la barabarani linalokaza vizuri bila kuumiza mgongo hutikisika mara 1.5 kwa sekunde. Zidisha 6.28 kwa 1.5, jibu lizidishe kwa lenyewe, kisha kwa 235: unapata karibu nyutoni 20,900 kwa mita, yaani kilo 2.1 kwa milimita. Ukitaka mara 1.8, ambayo kwa barabara ya Njoro nadhani tayari ni ukatili, unafika kilo 3.1. Kwenye struti hesabu hii inakaribia ukweli, kwa kuwa springi husogea karibu sawa na gurudumu.

Kukata springi si dhambi kama inavyosemwa, mradi ujue kinachotokea. Springi yenye mizunguko saba inayofanya kazi, ukiondoa mmoja, inakuwa ngumu kwa asilimia 17 na fupi pia. Ikate kwa grainda huku ukiipoza kwa maji. Moto wa gesi unaua ugumu wa chuma, na baada ya miezi gari limelala upande mmoja. Inua gari magurudumu yaning'inie uangalie: ikiwa springi inacheza kwenye kikombe chake, imekatwa kupita kiasi. Na ukipanda kutoka kilo 2 hadi 3 kwa milimita, shoki za zamani hazitoshi tena. Zinahitaji ukakamavu zaidi kwa asilimia 22 hivi, hasa wakati wa kurudi juu, la sivyo gari litaruka kama mbuzi.

Kushusha mbele kupita kiasi kuna ubaya ambao hauonekani. Mkono wa chini, ule unaounganisha bodi na gurudumu, ukipanda kuelekea gurudumu, badala ya kulala sawa au kushuka kidogo, kile kitovu ambacho bodi huzungukia kinaporomoka kuliko gari lenyewe lilivyoshuka. Matokeo yake, gari lililoshushwa linalala zaidi kwenye kona, na usukani unajivuta ukipita tuta. Dawa kwenye KE70 ni spesa ya milimita 20 hadi 25 kati ya chini ya struti na mkono wa usukani, unaoshikwa kwa bolti mbili. Bolti mpya ziwe za daraja la 10.9 na ndefu kwa unene uleule wa spesa. Kwa kuwa inashusha boljointi (kiungo cha mwisho wa mkono wa chini) na tairodi (fimbo ya usukani) pamoja, inatibu magonjwa yote mawili. Kagua nafasi kati ya mkono huo na rimu kabla ya kuendesha, kwa sababu rimu za inchi 13 zinaweza kugusa.

Nyuma, ile fimbo inayoshika ekseli isiende pembeni ilale sawa gari likiwa limesimama. Ikiinama, ekseli inasogea upande mmoja. Ning'iniza uzi wenye nati kutoka kwenye bodi juu ya kila gurudumu, upime pande zote mbili. Tofauti ikizidi milimita 5, tengeneza fimbo inayorekebishika.

Stabilaiza, ile fimbo inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari lisilale, nayo huwadanganya wengi. Ugumu wake hukua kwa kipenyo kwa nguvu ya nne (kipenyo × kipenyo × kipenyo × kipenyo), kwa hivyo kutoka milimita 20 hadi 22 ni ongezeko la asilimia 46. Ukiikaza ya mbele, pua inakataa kona zaidi. Ukiongeza nene nyuma, pua inatii, lakini gurudumu la ndani linanyanyuka, na kwa difu ya kawaida (gia za ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili) nguvu yote ya 3S inaishia kuchoma tairi hilo moja. Nyuma naishia milimita 14, wakati mwingine bila kabisa.

Alaimenti ifanywe mwisho, bushi zote zikiwa nzima. Kemba, yaani mwinamo wa gurudumu ukilitazama kwa mbele, iwe digrii 1 hadi 1.5 kuelekea ndani kwa juu. Kiwandani haikuwekewa marekebisho, kwa hivyo utahitaji vikombe vya juu vya struti vinavyosogea. Kasta, yaani mwinamo wa struti kuelekea nyuma, ya digrii 4 hadi 5 unaipata kwa nati za fimbo za mbele zinazoshika mikono ya chini, pande zote kwa mizunguko sawa. Usukani utakuwa mzito kidogo na utarudi wenyewe. Upande wa mbele wa magurudumu ufungwe ndani milimita 1 hadi 2 kwa jumla, ukipima kwenye rimu.

Ikiwa baada ya yote haya gari linatetema kwenye kilomita 80, usirudi kwa mtu wa balansi. Pima mwinamo wa giaboksi na wa difu: ziwe sambamba, tofauti isizidi digrii 1, na propela (shafti inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu) isikunjike zaidi ya digrii 3 kwenye kila kiungo. Namba mpya ya injini nayo iingizwe kwenye logbuku (hati ya gari) kupitia NTSA, mamlaka ya usafiri barabarani ya Kenya, kabla gari halijarudi barabarani.