Vigae vya Mandhari Mezani: Kipimo Kwanza

Anayeanza kutengeneza mandhari ya vipande kwa ajili ya michezo ya uigizaji ya mezani, ambamo kila mchezaji huigiza mhusika wa hadithi, huvutiwa kwanza na mnara. Mimi, ambaye hiyo ndiyo kazi yangu, humshauri aanze na kigae cha sakafu, kwa kuwa ndicho kinachoamua kama vipande vingine vyote vitakubali kukaa pamoja.

Katika Dungeons & Dragons, mchezo uliochapishwa kwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1974, desturi iliyoenea leo ni kuigawa meza kwa miraba ya inchi 1 na kuhesabu upande wa kila mraba kuwa futi 5 za ulimwengu wa hadithi. Mhusika mwenye mwendo wa futi 30 husogea miraba 6 kwa zamu, na sanamu yake ndogo husimama juu ya kitako cha takriban milimita 25, hivyo hujaza mraba mmoja barabara. Kigae cha inchi 2 kwa 2 basi hubeba miraba 4, na vigae hivyo vikifuatana hutoa ujia wa futi 10, ambamo wapiganaji wawili husimama bega kwa bega na wa tatu hana budi kungoja nyuma yao. Kila kigae kikizidi kwa milimita 1 tu, baada ya vigae 12 ukuta umehama karibu nusu ya mraba, na mlango haukutani tena na ujia.

Vigae vya kupangwa upya ni vya zamani kuliko mchezo huu. Mwaka 1812 Georg Leopold von Reisswitz alimpelekea Mfalme Friedrich Wilhelm III wa Prussia meza ya mchezo wa kivita ambayo ardhi yake iliundwa kwa vigae vya namna hiyo. Kufikia 1824 mwanawe alikuwa ameviacha, akatumia ramani za kipimo cha 1:8000. Kwa maofisa wa jeshi, ambao ndio waliofunzwa kwa mchezo huo, naona uamuzi huo ulifaa, kwani ramani huonyesha nchi nzima kwa pamoja. Meza ya uigizaji inahitaji kinyume chake: mchezaji asione chumba ambacho hajafungua mlango wake. Mwendeshaji, yaani anayesimulia hadithi na kuongoza mchezo, huweka vigae kadiri kundi linavyosonga, huku akiviondoa vya nyuma ili avitumie mbele, na ndiyo maana vigae vichache hutosha pango refu.

Kwa kuwa chumba kisichofunguliwa bado hakijawekwa mezani, ukuta hauna haja ya kukificha; napendelea kuta fupi, zisizomficha adui machoni pa mchezaji aliyeketi upande wa pili. Nguvu zangu nazielekeza kwenye majukwaa, ngazi na kuta zilizobomoka, maana hizo hubadilisha maamuzi. Katika toleo la tano la mchezo huo, kizuizi kinachokinga nusu ya mwili huongeza 2 kwenye kinga ya mhusika (namba ambayo shambulio la adui lazima liifikie ili limpate), na kile cha robo tatu huongeza 5. Kizuizi kikiwapo mezani, mabishano hupungua sana.

Povu gumu la polistireni ni jepesi na hukatwa vizuri kwa waya wa moto, mradi chumba kipitishe hewa, kwa kuwa moshi wake ni hatari. Rangi nyingi za kupuliza huliyeyusha, kwa hiyo lipakwe kwanza mchanganyiko wa gundi nyeupe na rangi nyeusi ya maji. Vipande vya sumaku au klipu hushikana imara, lakini kwa vigae vinavyowekwa na kuondolewa kila mara mimi hubandika mpira mwembamba chini yake, navyo havitelezi.