Utepe wa njano, sumu ya miaka

Mtu akiniletea chupa ya dawa ya shambani, swali lake huwa moja: "Hii ni kali?" Namwelewa. Sumu tumeibatiza dawa sisi wenyewe: dawa ya mbu, dawa ya panya, dawa ya kunguni. Kilichobaki ni kuulizana ukali.

Shida ni kwamba kuna sumu ya haraka na kuna sumu ya kukaa, na ule utepe wa rangi chini ya lebo unazungumzia ya kwanza tu. Unafuata madaraja ya Shirika la Afya Duniani. Kwa sumu inayoingia kwa mdomo, hutafutwa kipimo kinachoua nusu ya panya wa maabara, kwa miligramu kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Chini ya 5 ni daraja la Ia, 5 hadi 50 ni Ib, na yote mawili ni mekundu. Kutoka 50 hadi 2000 ni daraja la II, njano. Baada ya hapo bluu, kisha kijani.

Sasa chukua aldikabu, inayoua wadudu na minyoo ya udongoni. Kipimo chake hakifiki hata miligramu 1: Ia, nyekundu. DDT, inayoua wadudu, mbu wakiwamo, kipimo chake kinapita 100: II, njano. Kwa utepe peke yake, DDT ni mpole. Lakini aldikabu huvunjika udongoni ndani ya wiki au miezi kadhaa, ilhali kiasi cha DDT kinaweza kuchukua miaka 2 hadi 15 kupungua nusu, na ikivunjika huacha DDE, mtoto mkaidi kama mzazi. Klorini iliyoshikamana na kaboni zake huifanya ichukie maji na kupenda mafuta. Haitoki na mkojo kirahisi. Hukaa kwenye mafuta ya mwili, huingia kwenye maziwa, ya ng'ombe na ya mama anayenyonyesha.

Ndiyo maana sumu hizi mbili zina sheria tofauti. Aldikabu imo katika Mkataba wa Rotterdam, ambao haupigi marufuku. Unataka nchi inayopokea iulizwe kwanza. DDT imo katika Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ulioanza na kemikali 12. Huko huulizwa mengine: je, inachukua zaidi ya miezi 6 udongoni kupungua nusu? Inajilimbikiza mwilini? Inasafiri mbali na ilikotumika? Inadhuru? Kiambatisho A ni cha kufutwa kabisa, B cha kubanwa, C cha zinazozalika bila kukusudiwa, kama dayoksini za kuchoma taka. DDT iko B, kwa sababu ya mbu wa malaria. Naona uamuzi ule ni wa haki, ingawa wapo wenzangu wanaoukunjia uso.

Anayebisha kuhusu kudumu aende Vikuge, Kibaha, Tanzania. Mwaka 1986 shamba la serikali lilipokea shehena ya viuatilifu vya msaada kutoka Ugiriki, vingine vimeshapitwa na muda. Banda la kuhifadhia likaanguka, mvua ikanyesha. Watafiti waliopima udongo miaka mingi baadaye waliikuta DDT palepale.

Kwa hiyo nikishatazama rangi, naigeuza chupa kutafuta kiambato amilifu, yaani kemikali yenyewe inayoua, kile cha maandishi madogo. Mara nyingi mwenye chupa ndiyo kwanza anakiona.